Birongo Hakuna Lango la Mbuga

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Kisii kwa barabara ya Narok, picha huja zenyewe mapema. Kwenye nyanda za Suswa pundamilia hula kando ya lami na swala husimama mbali kidogo. Ndani ya matatu simu hutolewa mifukoni, madirisha hufunguliwa, watoto huinuliwa waone. Baada ya Narok ni ngano. Baada ya Bomet ni chai. Kutoka Sotik hadi Keroka ni mahindi, migomba, nyasi ya nepia na mapaa ya mabati yanayofuatana bila kuachana, na kufikia hapo simu zimekwisha kurudi mifukoni. Abiria huchukulia kwamba wanyama wamebaki nyuma.

Niliyemfuata mimi alikuwa bado mbele. Nilishuka Keumbu, nikapanda bodaboda kuelekea Birongo, mkoba wa lenzi kifuani badala ya mgongoni kwa sababu barabara ilikuwa imelowa kwa mvua ya jana yake jioni. Birongo ni wadi ya eneo bunge la Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii: soko, makanisa, shule, vituo vya kupimia majani chai, na mabonde yanayoteremka ghafla kila unapogeuza uso. Hakuna lango la mbuga wala bango lenye picha ya simba. Nilikwenda kwa sababu ya picha moja niliyotumiwa na msichana mwenye studio pale sokoni: korongo taji wawili wamesimama kati ya safu za matofali mabichi, nyuma yao moshi wa tanuri. Chini ya picha aliandika, "Mwalimu, hii yaweza kuwa kazi?"

Nimefundisha vijana wengi kupiga picha za wanyamapori, na swali hilo sikosi kuulizwa. Kwa kawaida hulijibu palepale kwenye simu. Safari hii niliona jibu linahitaji miguu.

Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia jeupe na kiti kisicho na mgongo. Pale hupigwa picha za pasipoti na za vitambulisho vya shule, na pale hutengenezwa albamu za harusi na zile picha kubwa za marehemu zinazobebwa mbele ya jeneza. Kamera ni ya mtumba, lenzi yake ndefu inafika milimita 300, na mpira wa kuishikia ulibanduka akaurudisha kwa gundi ya viatu. Alinifungulia kompyuta bila maneno mengi. Fundichuma akijenga kiota chake kikubwa cha vijiti juu ya mti ulioinamia kijito. Mdiria na samaki mdogo. Yangeyange mgongoni mwa ng'ombe aliyefungwa kamba. Chozi kwenye ua la mgomba. Halafu korongo, mamia ya picha za korongo, kila moja imeandikwa tarehe, saa na jina la bonde.

Hizo tarehe ndizo zilizonifanya nivute kiti karibu.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, na kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 900. Mashamba yamegawanywa baba kwa wana, mengi sasa hayafiki ekari moja. Katika nchi ya namna hii mnyama mkubwa hana pa kusimama. Amebaki kwenye koo za Wagusii, kila ukoo na mnyama wake: mnyama wa Bobasi ni pundamilia, wa Bonchari ni kiboko, wa Kitutu ni chui. Babu ya mwenyeji wangu, upande wa mama, ni mtu wa Kitutu. Alikuja studio kunisalimu, akaketi kwenye kile kiti cha wateja, akatazama picha zilizokuwa zinapita kwenye kioo. "Chui ni wetu," akaniambia, "na mimi sijamwona hata siku moja. Baba yangu ndiye aliyemwona. Hata picha ya chui wa hapa hakuna."

Nimesikia hotuba nyingi za uhifadhi kwenye mahoteli ya Nairobi. Hakuna iliyonikaa kama maneno hayo ya mzee. Chui aliondoka Gusii kabla hajaonekana na kamera ya mtu wa Gusii, na mjukuu wa mzee huyo leo hana cha kumwonyesha mtoto isipokuwa jina.

Nilimsimulia mwenyeji wangu kisa cha chui mweusi wa Laikipia, kwa kuwa kinamhusu kuliko anavyodhani. Mwezi wa Februari 2019 picha za chui huyo zilizopigwa na Mwingereza Will Burrard-Lucas zilizunguka dunia. Alizipata usiku kwa kamera za kutegwa: kamera huachwa njiani pa mnyama, na joto la mwili wake linapopita mbele ya kihisio, taa humulika na picha hupigwa bila mtu kuwapo. Ni picha nzuri mno, na kazi yake ilikuwa ya subira. Lakini baadhi ya magazeti ya ng'ambo yalidai ni mara ya kwanza kwa karibu miaka mia moja chui mweusi kupigwa picha za kuaminika Afrika. Wakenya waling'aka. Daily Nation likatoa picha kutoka ghala lake: mpigapicha wake Phoebe Okall alikuwa amempiga chui mweusi mwaka 2013, katika hifadhi ya Ol Jogi, hukohuko Laikipia. Picha ilikuwapo na mwenye picha alikuwapo. Dunia ndiyo haikuwa ikitazama upande huo.

"Kwa hiyo tarehe ni muhimu," akasema.

"Tarehe, mahali, na wewe kuendelea kuwapo."

Alfajiri tulivaa gambuti na kushuka bondeni. Kisii hunyesha karibu mwaka mzima, na mvua hupenda kuja alasiri, mawingu yakitokea upande wa ziwa. Kwa hiyo siku ya mpigapicha wa huku huanza mapema na kukatika mapema. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito, na mwanga uliopita ndani yake ulikuwa laini, usio na vivuli vikali. Huo ndio mwanga wa korongo taji. Ana shavu jeupe kabisa kando ya kichwa cheusi, chini ya taji la dhahabu, na jua la saa nne likimpiga, shavu hilo huungua likawa doa tupu lisilo na unyoya hata mmoja. Nilimwonyesha jinsi ya kupunguza mwanga kidogo kwenye kamera ili weupe ule ubaki na alama zake. Alielewa mara moja; mtu aliyepiga magauni ya maharusi mchana kweupe ameshapigana vita hivyo.

Lakini katika kumkaribia ndege, yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nimezoea kujificha: hema dogo, nguo za rangi ya majani, kutambaa. Yeye alitembea wima kwenye njia ya wachuma chai, kikapu mgongoni, kamera ndani ya kikapu. Korongo wa Birongo wameishi na wanawake wenye vikapu tangu walipototolewa; wanachokimbia ni mbwa, watoto wenye manati na mtu anayenyemelea. Alifika ukingo wa nyasi ya nepia, akainama kama anayekata, akabaki ameinama. Dume na jike walikuwa wakila mita chache mbele, wakigongagonga miguu ardhini kuamsha wadudu. Mmoja alinyoosha shingo, akamtazama, akarudi kula. Mgeni kutoka Nairobi hawezi kununua ukaribu huo kwa lenzi yoyote. Akipewa miaka mitano, pengine.

Kabla ya yote hayo alimsalimu mama mwenye shamba. "Bwakire, omong'ina," na mama akaitikia, wakaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za bei ya majani chai, kwa kirefu, huku mwanga mzuri ukipita. Sikumharakisha. Kibali cha kusimama kwenye shamba la mtu Kisii, ambako mpaka wa hatua mbili huweza kupeleka ndugu mahakamani, ni chombo cha kazi sawa na betri.

Wakati huo alikuwa anajua kitu ambacho hakuniambia hadi tulipopanda juu. Ndani ya matete, upande wa pili wa kijito, kulikuwa na kiota. Korongo taji hutaga mayai mawili hadi manne, huatamia kwa zamu karibu mwezi mzima, na kifaranga hutoka kiotani mapema akiwafuata wazazi kwenye majani. Hakuwa amekipiga picha. "Nikienda, watoto watanifuata, na kunguru naye anaona nilikopita." Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Vijana wa sokoni walikuwa wamemwahidi kumletea kifaranga amefungwa mguu ili apate picha ya karibu, akakataa. Nikamweleza kwamba hata huko kwenye vilele vya kazi hii watu wameanguka hapo. Shindano la Mpigapicha Bora wa Wanyamapori, linaloendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London na lililoanza mwaka 1965, lilimpa ushindi wa 2009 Mhispania aliyepiga mbwa mwitu akiruka lango. Mwezi wa Januari 2010 ushindi ukafutwa, kwa kuwa waamuzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mnyama yule alikuwa wa kufugwa, amezoeshwa kuruka. Picha ilikuwa nzuri vilevile siku ya kwanza na siku ya mwisho. Kilichokufa ni imani ya watu kwa aliyeipiga, na katika uhifadhi imani hiyo ndiyo mali pekee tunayouza.

Jua lilipopanda wafyatuaji matofali walifika. Wanachimba udongo wa kinamasi, wanaukanyaga kwa miguu, wanaujaza kwenye fremu za mbao, wanaupanga ukauke. Mmoja, kijana aliyesoma na mwenyeji wangu darasa moja, alituita. "Mnapiga picha ndege," akasema, "sisi je? Ndege ana karo ya shule?"

Hakusema kwa ubaya, na sikutaka kumpita. Korongo taji ni ndege wa taifa la Uganda, yuko kwenye bendera yao, na tangu mwaka 2012 shirika la IUCN limemwandika miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Sababu zake zote unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama pale: kinamasi kinakaushwa, udongo unachimbwa, mayai na vifaranga vinachukuliwa, mahindi yaliyopandwa upya yanadonolewa na mwenye shamba anakasirika. Juu ya hayo kuna mikaratusi. Nusu ya bonde lile imepandwa mikaratusi hadi ukingoni mwa maji, miti inayokunywa usiku na mchana. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliamuru ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na Kisii watu wanalikumbuka agizo hilo. Lakini mkaratusi hukua haraka, huuzwa nguzo, huuzwa kuni kwa viwanda vya chai, na mwenye robo ekari hana mti mwingine wa kumlipa namna hiyo. Anayepiga picha ya korongo pekee, bila mti na bila tofali, amepiga pambo la ukutani.

Mwenyeji wangu tayari alikuwa amempiga kijana yule. Alimpiga akiwa ameinama juu ya fremu, mikono hadi viwiko ikiwa udongo, na korongo wakipita nyuma yake angani wakiwa wawili, na alikuwa amemletea nakala iliyosafishwa, ipo nyumbani kwao ukutani. Hapo nilimwambia habari za mpigapicha Ami Vitale. Sudan, faru mweupe dume wa mwisho wa kaskazini, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Picha ya Vitale ambayo dunia inaikumbuka ina mtu ndani yake: mlinzi Joseph Wachira, uso wake umeegemea uso wa mnyama, wanaagana. Faru angekuwa peke yake tungehuzunika. Kwa kuwa Wachira yumo, tunajua kwamba kulikuwa na Mkenya aliyempoteza mtu wake.

Usiku tulikula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga kwao, na baada ya chakula ndipo tukafanya hesabu, yeye na daftari, babu yake akisikiliza. Nilisema yote bila kupaka asali. Lenzi ya milimita 600 yenye tundu pana, ile unayoiona kwenye magari ya watalii, inapita shilingi milioni moja. Wanaoishi kwa kuuza nakala za picha za wanyama peke yake ni wachache sana duniani. Pesa hutoka kwengine: mashirika ya uhifadhi yanayohitaji mtu wa kupiga miradi yao kwa siku kadhaa, kambi za watalii zinazotaka kiongozi anayejua kamera, magazeti mara mojamoja, kufundisha. Mashindano huleta jina, na jina huchelewa kuleta pesa. Zipo tuzo za bara letu zenye jina la Rais Benjamin Mkapa, zilizoanzishwa na African Wildlife Foundation, na picha za washindi wa awamu ya kwanza zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi mwaka 2021. Zina nafasi ya vijana wa Afrika na zina nafasi ya picha za watu na wanyama wanaoishi pamoja. Hiyo ya pili, nikamwambia, ni bonde lako.

"Studio nifunge?" akauliza.

Nikamwambia asithubutu. Harusi ndizo zitakazonunua lenzi, na picha za pasipoti ndizo zitakazolipa kodi mwezi ambao shirika limechelewesha malipo, nao hauko mbali kamwe.

Babu akauliza kwa nini mjukuu wake asiende Mara, iko karibu, ni kupita Kilgoris tu. Aende, nikasema. Aende akajifunze jinsi duma anavyojiandaa kabla ya kukimbia, jinsi vumbi linavyobeba jua la jioni. Lakini mwezi wa Agosti kwenye kivuko cha mto Mara magari hujipanga ubavu kwa ubavu na kila lenzi inamtazama nyumbu yuleyule. Asitarajie kwamba pale ndipo jina lake litakapopatikana. Mimi ningemtuma kwanza Ruma, Homa Bay, kilomita za mraba 120 katika bonde la Lambwe, mbuga ya taifa tangu mwaka 1983. Pale ndipo mahali pekee Kenya alipobaki swala korongo, yule mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, nao ni wachache kiasi kwamba kila picha yenye tarehe ni msaada kwa wanaowahesabu. Ruma magari ni machache. Unaweza kukaa na mnyama mmoja asubuhi nzima.

Kesho yake tulivuka hadi Nyamira kuona kinamasi cha Sironga, ambako korongo wapo na mikaratusi ipo. Mvua ilituwahi, hatukupata picha ya maana. Alichopata ni mwanamke mmoja wa huko aliyetaka kujua kwa nini watu wa Kisii wanapiga picha ndege wao, wakazungumza kwenye kibaraza hadi mvua ikaisha, na akaondoka na namba ya simu ya mtu wa tatu atakayemwambia korongo wanapotaga. Alikuwa anajenga kitu ambacho mashirika makubwa huandikia maombi ya fedha: watu katika kila bonde wanaomjua kwa jina.

Na alikuwa na wazo ambalo mimi sikuwa nalo. Hakutaka kusubiri shindano. Alitaka kalenda ya ukutani, korongo kwa kila mwezi, iuzwe kwenye vituo vya kupimia majani chai, kwa sababu kila nyumba ya mkulima ina kalenda na hakuna mwenye nyumba anayeitazama kama mkulima wa chai anayesubiri bonasi ya mwezi wa kumi. Miezi ya kuatamia itaandikwa chini, kwa Kiswahili na Ekegusii, pamoja na ombi la kuyaacha matete yasikatwe wiki hizo. Mwezi wa kumi atamweka mfyatuaji matofali.

Siku ya kurudi tulipitia mjini Kisii, kwenye duka la uchapaji. Mwenye duka alitaka bei ya karatasi nzito, mwenyeji wangu akataka nyepesi. Wakabishana rangi, wakabishana idadi, na mwenye duka akasogeza ile picha ya tanuri karibu na macho akauliza imepigwa Uganda sehemu gani. Akajibiwa imepigwa Birongo, kando ya kijito, chini ya soko. Akaitazama tena, akapunguza bei ya karatasi. Mwenyeji wangu alilipa nusu kwa M-Pesa, akaomba risiti yenye mhuri, akaniambia nisimngojee stejini: Jumamosi alikuwa na harusi Nyanturago na betri zote mbili zilikuwa hazina moto.